Mwaka wa Wapagazi

 Leo naomba tuanze na kata. Sisemi kata ya kuchotea maji mtungini, wala kata anayoisimamia diwani. Nasema kata ya kichwani: kipande cha kanga kuukuu, au majani ya mgomba yaliyosokotwa na kuviringwa kama kiota, kinachowekwa utosini kabla mtu hajatwishwa ndoo. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akiisokota kwa mkono mmoja, mkono wa pili umemshika mjukuu. Akishajitwika hutulia kidogo, akaupa mzigo nafasi ya kukaa, ndipo anyanyue mguu. Alituambia kwamba shingo haichoshwi na uzito, huchoshwa na mzigo unaochezacheza.

Nimeikumbuka kata ile kwa sababu kwa wiki kadhaa sasa nimezama katika habari za mwaka mmoja tu, mwaka 1909. Ukiufungua mwaka huo katika vitabu vikubwa vya historia ya dunia, utakuta mambo yaleyale: Mmarekani ametangaza kwamba amefika Ncha ya Kaskazini, Mfaransa amevuka bahari kwa ndege, mfalme wa Ubelgiji amefariki, rais aliyetoka madarakani Marekani amekuja Afrika kuwinda. Karibu wote hao walitembea mikono mitupu. Nami kila nilipogeuza ukurasa nikawa namtafuta aliyebeba. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na vitabu vingi vya mwaka huo vimeandikwa na watu walioona usufi tu.

Nianze nyumbani. Tarehe 1 Januari 1909 ilikuwa Ijumaa. Siku hiyo, Vibambani, karibu na mji wa Tanga, alizaliwa mtoto aliyekuja kuitwa Shaaban bin Robert. Hakuna gazeti lililoandika habari hiyo. Nchi ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, reli ya kutoka Tanga ilikuwa bado haijafika Moshi, na huko bara karibu kila kitu kilichosafiri, kilisafiri juu ya kichwa cha mtu. Nitamrudia mtoto huyo. Kwa sasa tumwache alale.

Twende kwenye mwezi wa Aprili, maana Aprili ya mwaka huo ni mwezi wa ajabu.

Tarehe 6 Aprili, juu ya barafu inayoelea baharini, watu sita walisimama mahali ambapo Robert Peary, mhandisi wa jeshi la wanamaji la Marekani, alisema ndipo Ncha ya Kaskazini. Kama ndipo penyewe hasa, wataalamu wanabishana hadi leo. Mmarekani mwingine, daktari Frederick Cook, alijitokeza Septemba ya mwaka huohuo akidai kwamba alikuwa amemtangulia kwa mwaka mzima, na magazeti yakapigana vita kwa wiki nyingi. Ubishi huo mimi siuingii. Mimi nataka kuwahesabu wale sita. Wa kwanza ni Peary. Wanne ni Wainuiti, wenyeji wa barafu ile: Ootah, Egingwah, Seegloo na Ooqueah. Wa sita ni Matthew Henson, Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Maryland mwaka 1866, yatima aliyeingia melini kama mtumishi akiwa na miaka 12 hivi.

Henson alikutana na Peary mwaka 1887 katika duka la kofia mjini Washington alikokuwa akifanya kazi. Peary alikuwa anatafuta mtumishi wa kwenda naye safari. Alichokipata ni zaidi ya mtumishi. Ile mikokoteni isiyo na magurudumu, inayovutwa na mbwa juu ya barafu, Henson ndiye aliyeiunda na kuitengeneza ilipovunjika. Kuendesha mbwa, hakuwa na mpinzani katika msafara. Na jambo linalonigusa mimi kuliko yote: alijifunza lugha ya Wainuiti akaizungumza, wakati wakubwa wake wengi waliridhika na maneno machache ya kuamrishia. Wenyeji wakampa jina lao, Mahri-Pahluk, yaani Matthew mwema. Peary miguu yake ilikuwa mibovu, vidole vingi vilikuwa vimekatwa kwa kuungua na baridi miaka kumi nyuma, na sehemu kubwa ya mwendo wa mwisho alipanda mkokoteni. Waliporudi, Peary alipewa medali na cheo. Henson alirudi kutafuta kazi.

Mwezi huohuo, tarehe 21, meli iliyoitwa Admiral ilitia nanga Mombasa. Ndani yake alikuwemo Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka katika urais wa Marekani wiki saba tu kabla ya hapo, pamoja na mwanawe Kermit. Alikuja kuwinda na kukusanya wanyama kwa ajili ya jumba la makumbusho la Smithsonian. Siku iliyofuata alipanda gari moshi la reli ya Uganda, akakaa mbele kabisa, kwenye benchi lililofungwa puani mwa injini, akawa anatazama mbuga zinavyokuja kumlaki. Aliposhuka kituo cha Kapiti alikuta wapagazi 200 hivi wamejipanga wanamsubiri, na bendera kubwa ya Marekani inapepea juu ya hema lake.

Jamani, mizigo ile! Tani nne za chumvi, za kukaushia ngozi za wanyama. Mahema, bunduki, masanduku ya risasi. Maharage ya makopo kutoka Boston na matunda ya makopo kutoka California. Na sanduku moja ambalo halinitoki akilini: sanduku la vitabu. Roosevelt hakuweza kuishi bila kusoma, kwa hiyo alichukua vitabu karibu 60, akavijalidi kwa ngozi ya nguruwe ili jasho, damu na vumbi visiviharibu, vikatiwa katika kasha jepesi lenye uzito wa ratli 60 hivi, yaani kilo 27. Uzito huo haukuja kwa bahati. Ratli 60 ulikuwa ndio mzigo wa mpagazi mmoja.

Sasa mtazame mtu huyo. Jina lake silijui, na kitabu cha Roosevelt hakinisaidii. Wabeba bunduki wake, Muhamad na Bakari, amewataja kwa majina na kuwasifu. Ila huyu wa vitabu anabaki ndani ya hesabu ya wapagazi. Asubuhi anasokota kata yake, anatwishwa Shakespeare na Homer, anashika njia. Bwana anawinda. Mchana, chini ya mti, bwana ananyoosha mkono na kitabu kipo. Jioni anakula posho yake, anajinyoosha. Amebeba kichwani maktaba nzima, na hakuna aliyemwuliza kama angependa kujua kilichomo. Nikifikiria hivyo nahisi uchungu ambao miaka zaidi ya mia moja haijaupunguza. Safari ile iliishia Khartoum mwezi Machi 1910. Roosevelt na mwanawe walikuwa wameangusha wanyama 512, na Smithsonian ilipata maelfu ya vielelezo, kuanzia tembo hadi panya, ambavyo wataalamu wanavitumia hata sasa. Sikatai faida hiyo ya elimu. Nasema tu kwamba kila pembe na kila ngozi ilitoka porini juu ya utosi wa mtu.

Na bado Aprili haijaisha. Wakati Roosevelt anateremka Mombasa, kusini huku, Lindi, kulikuwa na wageni wengine wawili waliofika mwezi huohuo: Werner Janensch na Edwin Hennig, wataalamu kutoka jumba la makumbusho la Berlin. Hawa hawakufuata wanyama walio hai. Walifuata mifupa. Miaka mitatu kabla, mhandisi mmoja wa Kijerumani aliyekuwa akitafuta madini, Bernhard Sattler, alikuta mifupa mikubwa kuliko ya mnyama yeyote aliyepata kumwona imejitokeza juu ya ardhi karibu na kilima kiitwacho Tendaguru. Ilikuwa mifupa ya dinosaria, wanyama waliotoweka duniani mamilioni mengi ya miaka kabla ya mtu. Ile ya Tendaguru ina umri wa miaka milioni 150 hivi.

Ndugu zangu wa kusini mnajua hali ya mikoa ile mwaka 1909. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimemalizika miaka miwili tu iliyopita. Wajerumani walichoma mashamba na maghala makusudi ili njaa imalize kilichosazwa na risasi, na wapo wanahistoria wanaokadiria kwamba waliokufa walifika 300,000. Vijiji vilihama, mashamba yakarudi kuwa pori. Kodi nayo ilidaiwa kwa fedha taslimu, na fedha taslimu ilipatikana kwa mzungu. Basi mzungu alipokuja kutafuta watu wa kuchimba, watu walikuja. Mwaka ule wa kwanza hawakuzidi 200. Misimu iliyofuata walikaribia 500, wengi wakiwa na wake na watoto, hata pale kilimani pakawa kama kijiji, ingawa maji yalikuwa shida.

Nataka tuiangalie kazi yenyewe kwa karibu. Unachimba kwa sururu na jembe mpaka unapokaribia mfupa. Hapo unaweka sururu chini, unashika kisu na brashi, unapiga magoti. Mfupa uliolala ardhini miaka milioni 150 unaonekana jiwe, lakini umejaa nyufa. Ukiuvuta kwa pupa unabaki na changarawe mkononi. Unaupaka gundi na udongo, unautoa kipande kwa kipande, kila kipande kina namba yake. Kisha unaufunga. Mbao za masanduku zilikuwa haba, lakini mianzi ilikuwepo, na wachimbaji wakasuka vizimba vya mianzi vya kuukumbatia mfupa, wakaujaza nyasi pembeni usitikisike. Ukiwaza vizuri, ile ni akili ya mtu aliyewahi kusuka tenga la kuku na dema la samaki. Hakuna profesa aliyeileta kutoka Berlin. Vizimba vile vilisafiri mpaka Ujerumani, na vimo ambavyo mpaka karne hii tuliyomo vilikuwa bado havijafunguliwa, fundo likiwa limekaa kama lilivyofungwa Tendaguru.

Msimamizi mkuu wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani. Huyu ndiye aliyekuwa jicho la wataalamu wale. Yeye ndiye aliyeupanga umati wa wachimbaji, akawafundisha wengine namna ya kuuendea mfupa, na kazi ya mashimo mengi ilikuwa chini yake. Picha yake ipo, akiwa kando ya mfupa.

Kisha safari. Kutoka Tendaguru hadi bandari ya Lindi ni mwendo wa siku nne ukiwa umebeba. Mizigo midogo ilikwenda kichwani. Mikubwa ilifungwa kwenye mti, watu wawili au zaidi wakauweka mabegani. Mfupa wa juu wa mkono wa mnyama mmoja tu ulizidi urefu wa mita 2. Hebu fikiria vipande vya mfupa huo vinashuka bondeni, vinapanda, vinapita katika nyasi ndefu, mtu wa mbele anapiga kelele kumwonya wa nyuma kwamba pana shimo. Msafara uliofika Lindi ulipumzika, ukageuza, ukaurudia mzigo mwingine. Hivyo hivyo kwa misimu minne, kuanzia 1909 mpaka wachimbaji walipofunga kazi mapema mwaka 1913. Jumla ya mzigo uliopakiwa melini ilizidi tani 200. Tani 200 kwa vichwa na mabega, kilo 25, kilo 30, kwa hatua.

Mwaka 1937 mifupa ile ilisimamishwa Berlin, na ikawa dinosaria mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, mrefu kuliko mifupa mingine yoyote ya dinosaria iliyosimamishwa duniani. Bado yuko pale. Swali la nani mwenyewe, na la Lindi ilipata nini, limewahi kufika hata bungeni Dodoma. Mimi msimamo wangu nausema wazi: watu wa Lindi wana haki katika mnyama yule, na haki ya kwanza ni majina. Pale chini ya miguu yake paandikwe, kwa Kiswahili, nani alimchimba na nani alimbeba. Mwaka 2007 mtaalamu mmoja wa Kijerumani alipochunguza upya mifupa ya shingo iliyochimbwa Tendaguru na kugundua kwamba ni ya aina ambayo haijapewa jina, aliiita Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti bin Amrani. Lilichukua miaka 98 jina hilo kufika.

Tuondoke Lindi, ingawa ningeweza kukaa huko usiku kucha.

Kongo, mwaka huohuo. Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alikuwa amenyang'anywa Kongo na bunge lake mwenyewe mwishoni mwa 1908, baada ya dunia kusikia jinsi mpira ulivyovunwa kwa viboko na kukatwa mikono. Mwaka 1909 Arthur Conan Doyle, yule aliyemtunga mpelelezi Sherlock Holmes, alitoa kitabu kizima kuushtaki utawala ule. Lakini shujaa wangu wa Kongo mwaka huo ni mwingine: William Sheppard, mchungaji wa Kipresbiteri, Mmarekani mweusi kutoka Virginia. Alikuwa Kasai tangu miaka ya 1890. Na yeye alijifunza lugha kwanza. Kwa lugha hiyo akapokewa katika mji wa mfalme wa Wakuba, ambako wageni walikuwa wamekatazwa kukanyaga. Mwaka 1899 alitumwa kuchunguza mauaji, akaikuta mikono ya watu inabanikwa juu ya moto, akaihesabu. Ilikuwa 81.

Sheppard aliandika jinsi kampuni ya mpira ya Kasai ilivyowatesa Wakuba, na kampuni ikamshtaki kwa kuichafulia jina. Kesi ilisikilizwa Leopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1909. Wakili wake alikuwa Mbelgiji, Emile Vandervelde, kiongozi wa wasoshalisti. Alishinda. Mchungaji mweusi alisimama mbele ya hakimu wa kikoloni, akaishinda kampuni yenye askari wake, mwaka 1909! Desemba 17 Leopold akafariki baada ya miaka 44 ya kutawala, na jeneza lake lilipopitishwa Brussels, raia wake walilizomea.

Unguja nayo ilikuwa na lake. Amri ya 1897 ya kuondoa utumwa visiwani iliwaacha nje masuria, kana kwamba mwanamke aliyenunuliwa akiingizwa nyumbani si mtumwa tena. Amri ya mwaka 1909 ndiyo iliyofunga mlango huo. Miaka 12 ya kusubiri. Wasomaji wa historia huirukia 1897 kwa furaha, na mimi nawaomba wasimame kidogo pale 1909, kwa ajili ya wanawake wale.

Sasa Septemba. Nkroful, kijiji cha Wanzema katika Gold Coast, Ghana ya leo, mwanamke aitwaye Nyaniba alijifungua mtoto wa kiume. Tarehe hakuna aliyeandika. Padri aliyembatiza baadaye alikadiria akaandika tarehe 21 Septemba 1909. Lakini tarehe 21 ilikuwa Jumanne, na mtoto alipewa jina la Kwame, na huko Kwame ni mtoto wa Jumamosi. Kwa hiyo Kwame Nkrumah mwenyewe, alipokuwa mtu mzima, aliitazama kalenda akaona kwamba yaelekea alizaliwa tarehe 18. Mimi naiamini Jumamosi ya mama kuliko hesabu ya padri. Siku mbili baada ya Jumamosi hiyo, tarehe 20, mfalme wa Uingereza aliitia saini sheria ya kuunda Muungano wa Afrika Kusini, iliyowafungia Waafrika mlango wa bunge la nchi yao. Walter Rubusana, John Tengo Jabavu na Abdullah Abdurahman walikuwa wamesafiri mpaka London kuipinga. Walisikilizwa kwa adabu, sheria ikapita kama ilivyokuwa.

London kiangazi hicho alikuwepo pia mwanasheria wa Kihindi aliyetokea Transvaal, Mohandas Gandhi, naye akiwatetea watu wake, naye akirudi mikono mitupu. Novemba akapanda meli ya Kildonan Castle kurejea Afrika Kusini, na ndani ya siku kumi, kati ya tarehe 13 na 22, akaandika kitabu juu ya Uhindi kujitawala. Aliandika kwa kasi hata mkono wa kulia ukachoka, akahamishia kalamu mkono wa kushoto. Kati ya kurasa 275, kurasa 40 hivi ni za mkono wa kushoto. Na aliandika kwa Kigujarati, lugha ya mama yake, lugha iliyokuwa ikizungumzwa madukani Mombasa na Unguja. Hakukiandika kwanza kwa Kiingereza ili mabwana wakisome. Hilo nalipenda sana.

Na huko Marekani, tarehe 12 Februari ya mwaka huo, ulikuwa umetolewa wito ulioanzisha chama cha kutetea haki za watu weusi, ambacho W. E. B. Du Bois alikuwa miongoni mwa waasisi wake. Mzee huyo alikuja kufia Accra mwaka 1963, akiwa mgeni wa yule mtoto wa Jumamosi.

Kuhusu Louis Blériot kuvuka kutoka Calais hadi Dover kwa ndege tarehe 25 Julai, katika dakika 37, sitasema mengi. Ndege yake ndiyo pekee katika mwaka huo iliyobeba mzigo wake yenyewe.

Sasa nimrudie mtoto wa Vibambani, nimwamshe.

Shaaban Robert alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926. Mwaka huo wa 1926 akaajiriwa serikalini, karani wa forodha, na kazi hiyo akaifanya mpaka 1944. Forodhani, wasikilizaji, ndiko mzigo unakotuliwa kichwani ukawa hesabu. Gunia la nazi linafika juu ya utosi wa hamali, linawekwa kwenye mizani, na karani anaandika: kiasi gani, cha nani, kinakwenda wapi. Kwa miaka 18 Shaaban Robert alikaa pale mizigo inapotua, akiwaona hamali macho kwa macho.

Na huko New York? Matthew Henson, mtu wa Ncha ya Kaskazini, baada ya miaka ya kuhangaika na kazi ndogondogo, mwaka 1913 alipatiwa kazi kwa amri ya Rais Taft. Kazi yenyewe ilikuwa wapi? Forodhani. Alikaa katika jengo la forodha la New York, tarishi kisha karani, mpaka alipostaafu mwaka 1936. Niliposoma hayo niliweka kitabu chini, nikatoka nje kwanza. Kwa miaka kumi, kati ya 1926 na 1936, watu hawa wawili, mmoja aliyezaliwa mwaka 1909 na mmoja ambaye mwaka huo ulimfikisha kileleni mwa dunia, waliamka kila asubuhi wakaenda forodhani, mmoja pwani ya Bahari ya Hindi, mwingine pwani ya Atlantiki, wakaandika mizigo ya watu. Hawakujuana kamwe. Klabu ya wavumbuzi ya New York ilimpokea Henson mwaka 1937, akiwa na miaka 70. Alifariki 1955, na mwaka 1988, tarehe 6 Aprili, mabaki yake yalihamishiwa makaburi ya Arlington, karibu na Peary.

Shaaban Robert naye alitoka kazini jioni, akawasha taa, akaandika. Utenzi wake wa vita vikuu vya pili una beti zipatazo 3,000, na haukuchapishwa mpaka 1967, miaka mitano baada ya kifo chake. Hebu upime uzito huo: beti 3,000 katika karatasi, ndani ya nyumba ya karani, zinangoja. Aliondoka duniani Juni 1962, nchi ikiwa huru kwa miezi sita tu. Hakuwa na chuo kikuu nyuma yake, hakuwa na tajiri wa kumlipia, na lugha aliyoiandikia mashairi, insha, wasifu na riwaya ndiyo hii ninayowasemea nayo sasa hivi, bila kutafuta neno kwa jirani.

Muda wangu unakaribia kwisha, na fundi mitambo ananionyesha kidole kimoja, dakika moja. Nina ombi kwa ninyi mnaonisikia mkiwa Lindi, hasa vijiji vinavyoizunguka Tendaguru. Wapo kati yenu ambao babu wa babu zao walishika njia ile ya siku nne. Pengine katika ukoo wenu kuna jina linalotajwa na mzee mmoja tu aliyebaki, pengine kuna wimbo wa mwendo, pengine mnajua msafara ulilala wapi usiku wa kwanza na maji yalichotwa kisima gani. Nendeni kwa mzee huyo wiki hii. Chukueni daftari, au simu yenye kurekodi, mkae naye mkekani. Mwulizeni jina, na jina la baba yake, na mzigo aliobeba. Tuleteeni hapa studio. Nitayasoma yote, moja baada ya jingine, hata yakijaza vipindi vitatu.